Jiwe Chini ya Jamvi

Nyuma ya nyumba ninayokaa sasa, hapa Dar es Salaam, kuna uchochoro ambamo watoto wa Kihindi hucheza kila alasiri. Dirisha langu liko juu, siwaoni, lakini nasikia gongo linapokutana na mpira: ko! Sauti kavu, fupi, kama dafu lililodondoka juu ya mwamba. Wajukuu zangu hudhani bibi anasinzia. Sisinzii, wapenzi. Nasikiliza kama mpira umepigwa sawasawa, na kama kuna mtu anayedanganya.

Masikio hayo niliyapata Mafia, katika mwaka ule Waingereza walipomtoa Mdachi kisiwani. Nilikuwa msichana mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya. Tulikaa Kiegeani, mimi na mama yangu, Bi Mwanakombo. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na mama alitulisha kwa kusuka mikeka na majamvi ambayo watu walitoka mbali hata Chole kuja kuyatafuta.

Siku moja alikuja Bwana Seifu, mtu wa ukoo wa Kiarabu mwenye mashamba ya minazi, ambaye Waingereza walimfanya mkalimani wao. Alitaka jamvi la kamba za makumbi, refu kama ngalawa mbili zilizofuatana, jembamba kama kitanda. Mama alimwuliza ni la nini. Bwana Seifu alitazama kando, akasema wenyewe ndio wanaojua.

Jibu hilo lilimtosha mjomba wangu Faki kukosa usingizi. Mjomba alikuwa mtu wa kushuku tangu tumboni. Akipewa kikombe cha kahawa alikinusa kwanza. Msemo wake ulikuwa mmoja: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Alizunguka lile jamvi likisukwa uani, akalipima kwa dhiraa, akatuambia kwamba hapana mtu duniani mwenye urefu ule, kwa hiyo hawakusudii kumlaza mtu mmoja, wanakusudia kuwalaza wengi kwa mstari.

Msimcheke sana. Vita vilikuwa havijaisha. Mdachi alikuwa ng'ambo tu, upande wa Rufiji, na Waingereza waliona jasusi nyuma ya kila mnazi. Kijana mmoja wa kijiji jirani alianika kanzu yake juu ya mti mrefu pwani ili ikauke upesi. Walisema anawapungia maadui. Walimpeleka bomani, na mimi sikusikia tena habari zake.

Jamvi lilipokwisha lilichukuliwa hadi uwanda wa nyasi ulio kwenye njia ya kwenda Kilindoni. Walilitandika katikati, wakalikaza kwa vigingi, wakasimika vijiti vitatu huku na vijiti vitatu kule. Mama aliambiwa awepo kila watakapocheza, lisije likafumuka. Ndivyo nilivyoufahamu mchezo wa kriketi, nikiwa nimekaa pembeni na mama na sindano yake ya kushonea majamvi.

Walioshindana walikuwa Waingereza wenyewe na askari wao wa Kihindi. Walipanga michezo mitatu, kila Jumapili mmoja. Kijiji kizima kilikuja, si kwa kupenda, bali kuwachunga. Tuliona watu wazima waliovaa nguo nyeupe tupu wakirushiana kitu chekundu kama moyo wa mbuzi. Tuliona mzee mmoja wa Kizungu, mwenye koti refu, amesimama hafanyi lolote, mara akanyoosha mikono yote miwili juu kama anayesalimu amri. Mjomba Faki alinong'ona kwamba anazipa ishara meli zilizotia nanga. Kila mikono ile ilipoinuka, nusu yetu tuligeuka kutazama bahari.

Mimi niliacha kutazama bahari mapema. Nilikuwa nimempata mtu wangu. Alikuwa askari mrefu wa Kihindi, ndevu zimefungwa vizuri, na kwa kuwa hatukujua jina lake tulimwita Kilemba. Alianza mbali, akaja mbio kama anayefukuzwa na nyuki, mkono ukazunguka, na mpira ukatoka hujui umetoka saa ngapi. Alikuwa amefundishwa neno moja la Kiswahili, shikamoo, akalitoa kwa kila aliyekutana naye. Alinipa hata mimi. Nilikuwa sijawahi kupewa shikamoo maishani, nikaitikia marahaba kwa sauti nzito kabisa, mama akanifinya.

Mchezo wa kwanza Waingereza walishinda kwa kupenya tundu la sindano. Wa pili walishinda Wahindi, jua likiwa limeshuka usawa wa macho, na Kilemba aliangusha vijiti vya mwisho huku mimi nikipiga vigelegele peke yangu. Hapo ndipo ubaya ulipoanza. Waingereza walianza kuuangalia mpira kila baada ya muda, wakiupitisha vidole kama wanaotafuta kovu. Wahindi nao walimtazama yule mzee wa koti refu, maana alikuwa Mzungu na ndiye aliyekuwa akiamua. Walipopeana mikono hawakutazamana. Nilikuwa mtoto, lakini mtoto huijua nyumba yenye ugomvi kabla hajaambiwa.

Jumapili ya tatu ilitanguliwa na mvua kubwa. Asubuhi tulipofika, nyasi zilikuwa bado zinachuruzika, na Kilemba alikuwa peke yake uwanjani. Nilimwona akiinama penye jamvi, upande wa vijiti vya kule, mkono wake ukagusa chini. Kisha akainuka, akatazama huku na huku. Nilitaka kumwita, lakini nikaenda kukaa karibu na mama.

Wahindi walitangulia kupiga. Zamu ya Waingereza ilipofika walipata tabu, wakatolewa mmoja baada ya mwingine, hata wakabakiwa na mkubwa wao, bwana mmoja mwenye miwani aliyekuwa akipiga vizuri kuliko wote. Zilibaki mbio chache tu za kuhesabiwa kati ya vijiti na vijiti ili washinde. Kilemba alikuja na mpira. Uligonga jamvi upande ule wa kule, ukaruka kama chura aliyekanyagwa, ukampiga yule bwana mdomoni, ukashuka na kuviangusha vijiti, naye akawa ametoka. Wahindi walishangilia. Halafu waliona damu, shangwe ikakatika.

Walilifunua jamvi. Chini yake palikuwa na jiwe la tumbawe, lenye ncha, ukubwa wa yai la kuku.

Waingereza waliwatazama Wahindi. Wahindi walimtazama yule mzee wa koti refu. Sisi wa Kiegeani tulitazamana wenyewe kwa wenyewe, na Mjomba Faki alirudi nyuma taratibu mpaka akawa nyuma ya watu. Kisha macho yote yakahama, yakatua kwa mama, kwa kuwa jamvi lilikuwa lake na sindano ilikuwa mkononi mwake.

Bwana Seifu alikuja amekunja uso. Alisema mkubwa anataka kujua nani ameweka jiwe, na kwamba mama ajibu vizuri, maana siku hizi hazina mzaha. Nilimvuta mama ushungi nikamnong'oneza kwamba nilimwona Kilemba asubuhi akiinama pale pale.

Mama aliniinamia, akaniuliza polepole, "Ulimwona anainama. Ulimwona anaweka?"

"Sikumwona anaweka."

"Basi usiseme ulilodhani."

Alisimama, akajifunga khanga yake vizuri. "Mwambie jamvi ni langu," alimwambia Bwana Seifu. "Jiwe silijui. Lakini kama kuna mtu wa kuulizwa, niulizwe mimi."

Bwana Seifu alitafsiri. Yule mkubwa, leso imelowa damu mdomoni, aliwaita askari wawili wenye bunduki, nao wakaja wakasimama ubavuni mwa mama. Nilishika mguu wake kwa mikono miwili.

Kilemba ndiye aliyesogea. Alimtazama mama, akalitazama jiwe, akasema maneno machache kwa lugha yao. Bwana Seifu alitueleza: anaomba mkubwa arudi kupiga, jamvi ligeuzwe, na mpira ule uhesabiwe kama haukurushwa. Wenzake walipiga kelele, mmoja akatupa kofia chini. Mkubwa alimtazama kama mtu anayepewa zawadi na adui. Mwishowe alikubali.

Mipira aliyoirusha Kilemba baada ya hapo hata mimi ningeipiga. Ilikuja polepole, imenyooka, haina hila. Yule bwana aliipiga mpaka michongomani, na Waingereza wakashinda. Walicheka, wakapigana mabegani, wakaenda kunywa chai. Wale wenye bunduki waliondoka bila kuambiwa. Jiwe lilibaki kwenye nyasi, hakuna aliyeliuliza tena.

Kila mtu alikuwa na hukumu yake. Wahindi wenzake walimsusa, wakisema ameuza mchezo ili apandishwe cheo. Mjomba Faki aliapa kwamba jiwe ni la Kilemba na woga umemshika. Mimi niliamini yote mawili kwa pamoja, kama watoto wanavyoweza, na nililia njia nzima hadi nyumbani kwa sababu mtu wangu ameshindwa kwa hiari yake. Baada ya muda mfupi kikosi chao kilipandishwa melini, kikapelekwa vitani bara.

Nilipoolewa na kulima konde langu mwenyewe ndipo nilipojua kisiwa chetu ni jiwe tupu lililofunikwa udongo kidogo. Unaokota mawe yote, unalala, mvua inanyesha, asubuhi unakuta mengine yamechomoza. Nilisimama na jembe langu nikacheka peke yangu. Na nilipohamia mjini nilimwona mwenye duka mmoja wa Kihindi akifungua mlango, akainama, akagusa kizingiti, akapeleka vidole kwenye paji la uso kabla ya kuanza kazi. Nilimkumbuka Kilemba penye jamvi, na siku hiyo sikucheka.

Lakini fumbo lililobaki ni mipira ile ya polepole. Nilimwuliza mama alipokuwa mzee, macho yamefifia, vidole bado vinatafuta ukindu. Nilimwambia kwamba mpaka leo sijamwelewa yule mtu, maana wangeweza kushinda.

"Wangeshinda," mama alisema, "na yule bwana mdomo umemvimba. Angemtafuta mwenye jiwe mpaka ampate. Pale uwanjani nani hakuwa na bunduki wala lugha?"

Nilimwuliza kama Kilemba mwenyewe alimwambia hivyo. Alitikisa kichwa. Alisema hawakuwahi kusemezana, na huenda yeye mwenyewe ndiye anayekosea, huenda mtu alichoka tu. Nimeligeuza jambo hili miaka mingi, nikilishuku huku na huku, kwa kuwa nimelelewa hivyo. Ninalolijua ni kwamba jioni ile mama alirudi nyumbani, akapika, akanisuka nywele, na mimi nilikuwa nimenuna, nikidhani siku ile tumeshindwa.