Mgonjwa Alikuwa Kanisani Akipiga Pasi

Nilimtangaza mama yangu mzazi kuwa mgonjwa sana kwenye grupu la jumuiya yetu ya kanisa, saa nne asubuhi, wakati yeye mwenyewe yuko kanisani, mzima, anapiga pasi vitambaa vya altare. Naanza na hilo ili msije mkasema nimewazungusha. Yote yaliyofuata, padri kuja na mafuta ya wagonjwa, mdogo wangu kulazwa kitandani mchana kweupe, baba kupanda boti kutoka kisiwa cha Goziba na suti ya msiba kwenye begi, yalitoka kwenye hiki kidole gumba changu (bado ninacho, ingawa baba alikuwa na maoni mengine).

Kwanza mmjue mama. Kwetu ni Kamachumu, wilayani Muleba, na mama anaitwa Mama Deusi, na Deusi ndiye mimi, kwa hiyo akiaibika yeye jina linalotajwa ni langu, jambo ambalo sikulifikiria mapema. Mama ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, anafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, anafua vitambaa vya altare, anashona sare za kwaya, na padri akija kigangoni, kwenye kikanisa chetu kidogo, chakula anapika yeye (kuna wakati niliamini padri akipata mafua mama atasoma na misa). Ukiuliza kwa nini kila kitu yeye, utaambiwa ana moyo. Ukiwa na moyo kwenye kigango chetu umekwisha. Na mwezi ule askofu alikuwa anakuja kutoa Kipaimara, basi kila kilichokuwepo kilitakiwa kifuliwe, kishonwe, kipakwe chokaa au kiimbwe upya, na kila kimoja kilikuwa na mtu aliyesema, "Mwulize Mama Deusi."

Dalili nilikuwa nimeziona, na hapo ndipo ninapojilaumu, kwa sababu nilizicheka. Jumamosi moja kwenye jumuiya mama aliongoza rozari huku amefumba macho, nikadhani ni ibada, kumbe ni usingizi, akatangaza tendo la tatu, Yesu anazaliwa, tukasali Salamu Maria kumi zima, akatangaza tena Yesu anazaliwa, tukasali, akatangaza tena, na hakuna aliyethubutu kumgusa mwenyekiti, kwa hiyo siku ile kwetu Yesu alizaliwa mara tatu. Jumatatu shuleni nikaigiza kisa chote mbele ya kidato cha tatu kizima, na sauti ya mama nikaitoa vilevile, watu wakalala chini kwa kicheko. Wiki iliyofuata akashona shati la mwanakwaya akaziba mikono yote miwili. Nikalivaa nikatembea nalo uani kama ndege mwenye mabawa yaliyofungwa, nikasubiri acheke. Hakucheka. Alilichukua, akakaa kwenye kigoda, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja, na nikaona kila uzi anaukosa mara mbili kabla ya kuushika, kama bibi, na mama yangu si bibi.

Basi ikawa Alhamisi, tuko likizo. Mama aliondoka asubuhi kwenda kanisani na beseni la vitambaa, simu akaiacha kwenye chaji, akaniambia mtu akipiga nimwambie anarudi. Walipiga watu sita. Wa saba hakupiga, aliandika kwenye grupu. Alikuwa Ma Felista, makamu wake, akiuliza nani atapikia walimu wa kwaya wanaotoka Bukoba Jumamosi kufundisha nyimbo za askofu, na kabla mtu hajajibu akajijibu mwenyewe: "Mama Deusi atapika, yule hachoki."

Hilo neno lilinikera. Nikachukua simu (nywila niliiweka mimi, mama anaikumbuka kwa kuniuliza) nikaandika kwa jina lake: "Nimechoka, naombeni mwingine apike." Nikaisoma. Nikaona haina nguvu. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kupewa mapumziko kwa kuchoka, maana kila mtu amechoka, aliyetoka kulima kibanja cha migomba amechoka, aliyetoka kuchuma kahawa amechoka, ukisema umechoka utaambiwa pole na utakabidhiwa sufuria. Anayepumzishwa ni mgonjwa, tena wa ugonjwa wenye jina. Nikafuta. Nikaandika: "Presha imenipanda vibaya. Daktari amekataza kazi yoyote kwa wiki tatu. Naombeni msije kuniona, nahitaji utulivu. Mniombee." Nikaweka na mikono miwili ya sala. Nikatuma. Nilijipongeza sana kwa lile neno utulivu.

Sasa, mtu yeyote mwenye akili aliyezaliwa Muleba angeniambia kosa liko wapi. Ningesema njooni, wangekuja wawili watatu jioni na sukari. Lakini kwetu mgonjwa akisema msije, maana yake hali ni mbaya kiasi kwamba hataki aonekane. Pole zikaanza kumiminika, pole waitu, yaani pole wetu, pole mwenyekiti, halafu simu zikaanza kuita, nami kwa hekima yangu nikaizima. Hilo likawa kosa la pili. Mgonjwa wa presha, amekataza watu, simu imezimwa.

Haikupita saa moja na nusu nikasikia sauti za wanawake kwenye migomba. Wa mbele alikuwa Ma Felista, ana mkungu wa ndizi kichwani, nyuma yake foleni ya watu wenye mikungu mingine, maharage, kuni, maziwa, na mmoja ana blanketi. Nilikuwa bado na nafasi ya kusema ukweli. Naikumbuka vizuri ile nafasi, ilikuwa ndefu kama kutoka getini hadi mlangoni. Ma Felista akaniuliza mgonjwa yuko wapi, na mdomo wangu, bila kunishirikisha, ukasema amelala ndani.

Nilitegemea watarudi. Wakatandika mikeka uani wakasema watasubiri aamke. Wakaanza rozari kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo hata ukiwa mzima unajisikia kufa. Halafu ikaja pikipiki, na juu yake padri, na mkononi ule mkoba mdogo mweusi ambao kila mtoto kigangoni anajua haubebi pipi.

Kitanda kilikuwa kitupu. Nikamvuta mdogo wangu Koku, ana miaka minane, nikamwambia alale kwenye kitanda cha mama, ageukie ukutani, ajifunike mpaka kichwani, akiguswa agune. Alikataa. Nikamwahidi mandazi mawili. Akataka matatu. Nikakubali, nikamfunika, nikatoka nikamkuta padri mlangoni tayari ana stola shingoni. Nikamwambia daktari amekataza mgonjwa kusemeshwa. Akaniambia hatamsemesha sana, akanipita.

Akasimama karibu na kitanda, akasema taratibu, "Mama Deusi, Tumsifu Yesu Kristo."

Na Koku, ambaye mama amemlea vizuri kuliko alivyonilea mimi, akajibu kutoka chini ya blanketi, kwa sauti yake yote, "Milele amina. Shikamoo Padri."

Mngeniacha hapo, ningekuwa nasimulia kichekesho. Wakati padri ananigeukia, nje rozari ikakatika ghafla. Mama alikuwa anatokea njia ya nyuma, kupitia kibanjani, beseni la vitambaa vilivyonyooka kichwani, vya kutunzwa nyumbani hadi askofu afike, akakuta uani kwake watu thelathini kwenye mikeka, kuni zimelundikwa, pikipiki ya padri. Baadaye Ma Felista alinisimulia kwamba mama aliuliza, "Nani?" na hakuna aliyemjibu, kwa sababu wote walikuwa wanamkodolea macho kama mtu aliyetoka kaburini. Yeye akaelewa kwamba wanaogopa kumwambia. Beseni likaanguka. Akaingia ndani mbio, akaniona mimi nimesimama, akamwona padri na mafuta, akaona kitandani kwake kitu kidogo kimefunikwa hadi kichwani. Ana watoto wawili. Mmoja alikuwa amesimama.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Koku wange," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia na sitaki kuisikia tena, akaanguka kwa magoti akashika ule mguu chini ya blanketi.

Koku akajifunua. "Mama, Deusi amesema nikilala atanipa mandazi matatu."

Sikumbuki nani alisema nini baada ya hapo, nakumbuka mama alimshika Koku kwa muda mrefu, na padri akavua stola akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Tulipotoka uani vile vitambaa vya altare vilikuwa kwenye tope, mvua ilikuwa imenyesha usiku, na juu ya kimoja kulikuwa na alama ya kiatu cha mtu. Ma Felista alikuwa na simu yake mkononi. Akausoma ule ujumbe kwa sauti, mpaka kwenye utulivu, akamwambia mama, "Mwenyekiti, imetoka kwako." Na mwanamke mmoja nyuma akasema kama anajisemea, kama hataki kuwapikia walimu wa kwaya angesema tu, haya ya presha ya nini. Mama akawa anawaangalia mmoja mmoja. Miaka yote ile ya kufua na kushona, na sasa alikuwa mwongo katikati ya uani kwake, na viatu vyake vina tope.

Nikasema ni mimi.

Padri akaniuliza kwa nini. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya busara lakini yaliyotoka ni haya: "Amechoka, Padri. Kwanza niliandika amechoka, nikafuta, nikaona hamtasikia."

Ma Felista akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Na nani hajachoka, mwanangu?" Watu wakaitikia, ndiyo, nani hajachoka, wakacheka na wao, na kwa kicheko kile nikasamehewa. Mama ndiye hakucheka.

Mnadhani wageni waliondoka? Kwetu watu thelathini hawatoki nyumbani kwa mtu na njaa, hata kama walikuja kumzika. Mama akafunga kanga kiunoni akawapikia zile zile ndizi walizomletea. Mimi nilimenya mikungu miwili, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu hadi Jumatatu. Walipoondoka akakaa chini akaanza kufua vitambaa vya altare upya.

Kesho yake mchana baba akafika, ambaye kawaida anakuja mara moja kwa mwezi kutoka kwenye dagaa zake Goziba. Aliambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu, na kila mtu njiani aliongeza kidogo, kwa hiyo alishuka kwenye boti akiwa mgane. Alimkuta marehemu anamwagilia mchicha. Yaliyonipata mimi jioni ile nayaruka (hayana mafunzo mapya).

Jumapili padri akaniita mbele baada ya komunyo. Nilikuwa na mzaha mmoja mzuri nimeuficha mfukoni, nilipoona uso wa mama benchi la tatu ukanipotea. Nikasema ujumbe niliandika mimi, mama hakujua, mama si mgonjwa, amechoka tu. Nikaomba msamaha nikarudi kukaa. Katekista akasimama kusoma matangazo, na nawaapia, la kwanza lilikuwa hili: Mama Deusi anakumbushwa kumalizia sare kumi na mbili za sauti ya tatu kabla ya Ijumaa. Nikamwona mama anatoa kile kidaftari chake kwenye mkoba, anaandika.

Pale benchini ndipo nilipojiona vizuri. Mwezi mzima nilimwona mama anachoka, nikaigiza, nikavaa shati lililozibwa, nikazua ugonjwa na daktari wake, na haikunijia hata siku moja kushika ile pasi. Ni pasi ya mkaa, si nzito. Sare kumi na mbili vifungo vyake nimeweka mimi (viwili vimekaa kichwa chini, mwimbaji wake asitazame chini). Simu ya mtu sishiki tena, na mgonjwa wa kubuni sitamlaza tena kitandani hata nikipewa mandazi mimi.

Tulipofika nyumbani kutoka kanisani mama alikaa kwenye kigoda, akavua viatu, akaegemea ukuta mpaka nikadhani amesinzia tena. Kisha akachukua simu, akaishika kidogo, akaninyooshea. Tangu Alhamisi alikuwa hajanisemesha neno.

"Ile uliyoifuta," akasema, "iandike tena, niitume mwenyewe."