Udongo Mkavu wa Chemba

Nilirudi Chemba kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, heri niliseme mapema. Kazi yangu ni kutazama kwa hadubini magamba ya viumbe wadogo mno waliokufa zamani. Wenzetu wanaochunguza miamba ya baharini wana radiolaria wao, vijidudu vya bahari. Sisi wa bara tuna diatomu, vimea vya majini vyenye ganda la kioo. Mwaka jana, ndani ya donge la udongo mweupe kutoka Chemba, nilikuta ganda lisilofanana na lolote vitabuni. Nikaandika maelezo ya spishi mpya ya kale, nikaipa jina la Debora.

Debora ni Mama Yona, mwenyeji wangu kule, aliyenipa donge lile. Jina lake lenyewe haliitwi tena na mtu yeyote, nami nilitaka liitwe. Ndipo msimamizi wangu akauliza swali moja: "Donge lilikandwa kwa maji gani?" Sikuwa nimemuuliza Mama Yona. Kama ganda lilitoka kwenye maji, si kwenye udongo, maelezo yangu yote yangekuwa bure.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka kwangu Makole, mjini Dodoma, nikapanda basi la Kondoa. Njia nzima nilijilaumu. Mtama ulikuwa umeshavunwa, na nyumba kadhaa zilikuwa zimepakwa upya udongo mweupe.

Saa tatu na nusu nilibisha hodi kwa Mama Yona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Huko mjini hawali?"

Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa udongo tuukande kwa mate? Tunaukanda kwa maji ya lambo, tunaanika madonge, siku ya kupaka nyumba yapo tayari. Si ungeuliza."

Kuuliza si ujinga, ila mimi nilijifanya najua.

Mchana tulishuka shimoni wanakochimba udongo ule. Yeye alichimba ukutani kwa jembe, mimi nikakinga udongo mkavu kwa mfuko safi. Kisha tukaenda lamboni nikajaza chupa.

"Huyo Debora wako alikufa lini?" aliniuliza.

"Zamani sana mama, kabla ya babu wa babu zetu."

Alisuuza jembe lake. "Nilikubali kwa ajili yako. Ila moyoni sikupenda maiti apewe jina langu."

Niliona haya, maana hilo nalo nilimwarifu tu, sikumuuliza kama analipenda.

Kesho yake nilirudi Dodoma. Udongo niliuchemsha kwa asidi, nikautazama siku tatu. Magamba yalikuwa mengi, ila lile langu halikuwemo hata moja. Nikaweka tone la maji ya lambo. Alikuwepo, ganda lile lile, ndani yake rangi ya kahawia, na alikuwa anajongea polepole.

Maelezo niliyafuta siku hiyo hiyo, na nililia, sitaficha. Nimejifunza kumuuliza mwenye udongo kabla sijauandika. Halafu nikampigia simu Mama Yona.

"Mama, nimekosea. Debora si wa kale. Yuko hapo lamboni kwenu."

"Yu hai?"

"Yu hai, mama. Anatembea."

Nikasikia kuku wake wakilia.

"Basi andika upya," akasema. "Na jina liache hapo hapo."