Akaunti Yangu Ndani ya Eda ya Mama Mdogo

Kosa nililoanza nalo lilikuwa kuingiza barua pepe yangu kwenye tableti ya mama mdogo. Yeye hakuwa na barua pepe, na mimi niliona kumfungulia ni kumsumbua bure mtu aliyefiwa. Akaunti moja, neno la siri moja, mambo safi. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwa kutazama video na kwa kuharibu, na mtu aliyejifundisha ana kiburi kimoja kibaya: akiona kitu kinafanya kazi, anadhani amekielewa.

Ilikuwa mwanzo wa 2020. Mumewe alikuwa amefariki, naye yuko edani katika nyumba yake mjini Katy, nje kidogo ya Houston, miezi minne na siku kumi bila kutoka, bila manukato, bila mtu kumtajia habari ya mume mwingine. Mama yangu alinitoa kwetu Grand Prairie, mwendo wa saa nne kwa gari, nikakae naye, nimwendee sokoni na kumpokelea wageni. Tableti ilikuwa ya kusikilizia Kurani na darsa.

Mimi nami nilikuwa na shughuli yangu ambayo sikumwambia mtu. Kila mapumziko ya mchana, ndani ya gari, kwenye maegesho ya ghala la hapo Katy nililopata kazi, nilikuwa natafuta mke kwenye tovuti ya ndoa. Tovuti iliuliza kimo, kabila, unaswali mara ngapi, unataka watoto wangapi. Nilijibu yote, kisha nikarudi kusahihisha majibu, maana siwezi kuona nafasi tupu nikaiacha. Juu kabisa waliandika kwamba wanajali faragha yangu. Chini yake kulikuwa na kitufe cha kukubali, kikubwa kama sahani ya pilau, na njia ya kukataa imefichwa kwa maandishi ya kijivu ambayo hata mimi mwenye macho mazima niliyapapasa. Nikakubali. Sijui ni kujali kwa namna gani huko, kumhoji mtu mambo ya chumbani kwake kisha kwenda kuyauza barazani.

Jumapili moja wanawake walikuja kumtazama mama mdogo. Wameketi sebuleni, tableti imeegemezwa kwenye chupa ya chai, inasoma Yasini. Sura ikakatika. Zikatokea pete mbili, na sauti laini ya mwanamke ikauliza: bado uko peke yako? Mwenzi wako anakusubiri. Ilikuwa kwa Kiingereza, lakini sebule nzima ilielewa.

Wifi yake, dada wa marehemu, aliweka kikombe chini.

"Wifi," alisema taratibu, "kaka yangu hata udongo wake haujashikana."

"Wallahi sijui hicho ni kitu gani," mama mdogo alisema.

"Hukijui. Kimekuja kwa miguu yake."

Binti wa huyo wifi, aliyezaliwa Houston, akasaidia ambapo hakuna aliyemwomba. "Uki-search kitu, mama, ndiyo kinakuja. Hiyo haidanganyi."

Sisi mtu akileta fitina tunamdai shahidi. Lakini mashine ya matangazo, isiyojua aliye hai wala aliyekufa, ilisema mara moja tu ikaaminiwa. Mama mdogo aliinamisha kichwa, akawa anavuta ncha ya nguo yake nyeupe. Neno lile likitoka mle ndani, lingefika Mansfield, jirani na kwetu Grand Prairie, kabla ya swala ya isha: mjane anayetafuta mume ndani ya eda. Jina lake lingekwisha, na wa kulimaliza ni mimi, nimesimama mlangoni na sinia ya mahamri.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe ndiye nini?"

"Ninayetafuta mke."

Wifi alinipima kutoka kichwani hadi miguuni, kazi ambayo kwa kimo changu haichukui muda. "Vizuri, baba, kumsitiri mama yako. Lakini tableti ni yake."

"Tableti yake, akaunti yangu. Nikitafuta kitu kwa simu, kinanifuata mpaka hapo."

"Basi tuonyeshe."

Nikafungua historia ya akaunti. Nilijua ipo. Sikujua kwamba haisahau. Binti alisoma kwa sauti na kutafsiri kila mstari, kwa raha zote: mwanamume mfupi kuoa mwanamke mrefu, namna ya kumsalimu baba wa mchumba, kutokwa na jasho mikononi ni ugonjwa, kwa nini hawajibu ujumbe wangu. Wanawake waliingiza ncha za mitandio midomoni. Mmoja alinihurumia. "Mrefu ni mzuri, mwanangu. Atakushushia masufuria ya juu ya kabati."

Wifi alicheka wa mwisho, akacheka sana, kisha akamshika mama mdogo mkono. "Nisamehe, wifi yangu."

"Nimekusamehe. Sasa zima hiyo, mmeona ya kutosha." Akanigeukia. "Kumbe hao watu wanakujua kuliko mimi niliyekubeba mgongoni."

Kesho yake niliwaandikia wale wa tovuti wafute kila walichonacho. Walijibu kwamba haki ya kufutiwa ni ya wakazi wa California, na wakanishukuru kwa kuwasiliana nao. Yaani kimo changu kikivuka hadi jimbo lile ni changu. Kikibaki Katy ni bidhaa. Niliusoma ujumbe ule mara nyingi, nikitafuta mahali nilipokosea kuandika, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Sikuwa nimekosea popote.

Siku hizi kila kifaa katika nyumba ile kina akaunti ya mwenyewe. Nilimfungulia mama mdogo ya kwake, nikageukia ukuta alipokuwa akiandika neno la siri, na mpaka leo silijui.