Bei Moja, Bila Nyongeza

Trekta ya kwanza kumilikiwa na mtu wa kwetu, kutoka Masafu mpaka mpakani, ilikuwa yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye walijitokeza wengi waliodai heshima hiyo, na baadhi yao hata kuendesha baiskeli walikuwa hawajui. Niliinunua upande wa Kitale, kwa mzungu aliyekuwa akifungasha vyombo vyake baada ya Uhuru, nikaiendesha mwenyewe hadi Malaba huku vumbi likinibadilisha rangi. Pale mpakani askari aliizunguka mara mbili, akauliza, "Hii ni ya nani?" Nikamjibu, "Ni ya huyu unayemwona juu yake." Akauliza tena, kama mtu aliyesikia vibaya.

Fedha zake sikurithi. Nilianza kama karani, nikajibana, nikavuka bahari kwa nauli yangu mwenyewe. Uingereza nilisugua masufuria ya hoteli usiku, na mchana nikaketi darasani na vijana ambao baba zao walikuwa na mashamba makubwa kuliko wilaya. Nilirudi na diploma ya kilimo, nikaitia kwenye fremu ya kioo, nikaitundika mahali ambapo kila aingiaye lazima aione kabla ya kuona kiti.

Watu husema nilijisomesha, na ni kweli. Lakini kabla ya mtu kujisomesha, sharti kwanza alelewe, na mimi nililelewa na bibi mzaa baba, karibu na Masafu, baada ya mama kufariki. Sisi Wasamia bibi humwita kukhu. Na kwetu, kukhu na mjukuu wake wa kiume ni mke na mume, kwa utani. Humwita mjukuu "mume wangu", humtukana mbele za watu, humwuliza kwa nini hajamjengea nyumba. Mjukuu naye huingia jikoni mwake bila hodi, hufunua chungu, hula anachotaka. Anayekasirika ameshindwa.

Siku niliporudi kutoka ng'ambo nyumba ilijaa watu. Kukhu aliwapita wote, akaishika tai yangu, akaivuta mpaka nikainama.

"Mume wangu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "ulinikimbia miaka yote hiyo, kumbe umerudi na kamba shingoni kama mbuzi. Nani huko alikuwa anakuchunga?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Nilipomwonyesha diploma, alikigusa kioo chake kwa kidole. "Inaliwa?"

"Hailiwi, Kukhu."

"Inalima?"

"Mwenye nayo ndiye anayelima."

"Basi tutaona," akasema. "Mwili wako laini kama wa mwali."

Nilipoanza kazi ya kuwalimia watu mashamba yao kwa trekta, nilikuwa na kanuni moja. Nilikuwa nimemwona ami yangu akifungua duka Busia, la sukari, chumvi na mafuta ya taa. Kila aliyeingia alikuwa shemeji, au binamu, au mtu aliyenyonya pamoja na shemeji. Kila mmoja alipunguziwa. Mwishowe zilibaki rafu na ami mwenyewe, na hao waliopunguziwa wakasema hajui biashara. Kwa hiyo nilikwenda Tororo, kwa fundi wa kuandika mabango, nikamwambia aandike juu ya matairi ya nyuma ya trekta, kwa rangi nyeupe: BEI NI MOJA. Nililipenda sana andiko lile. Watu wakaiita trekta yenyewe Bei-ni-Moja, na watoto waliposikia mngurumo wake walipiga kelele, "Bei-ni-Moja anakuja!"

Ndugu walijaribu, na wote niliwashinda. Binamu mmoja alisema, "Wewe, mimi nilikubeba mgongoni." Nikamwambia, "Sikukutuma." Mwingine aliniletea jogoo. Nilimshukuru kwa jogoo, nikamtoza bei ya eka. Nilijisikia kama jaji.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Kukhu naye aliniita. Alitaka nimlimie eka moja ya kupanda wimbi. Wajukuu wenzangu walikuja kutazama, kwa maana walijua akipunguziwa yeye, kesho ni zamu yao. Nilijiandaa kubishana. Nilikuwa nimepanga maneno kabisa: jinsi dizeli inavyonunuliwa, jinsi spea zinavyotoka mbali.

Hakubishana. Alifungua fundo la kanga, akatoa bei yote, akaniwekea mkononi kabla sijashuka. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa ameuza mbuzi. Kisha akanyoosha mkono kuelekea ukingoni mwa shamba, kando ya kichuguu, kwenye kipande chembamba cha majani kama upana wa njia ya ng'ombe.

"Na pale, mume wangu, utaniongezea kile kipande. Ni cha kunde."

Nilikijua kipande kile. Nilikuwa nimekula majani ya kunde yake utoto wangu wote, na alikilima kwa jembe kila mwaka tangu nilipopata akili. Kwa plau kingekuwa kazi ya kwenda na kurudi mara moja tu. Lakini binamu zangu walikuwa wamesimama pale wakiniangalia, na mmoja alikuwa tayari ameanza kutabasamu.

"Kukhu," nilisema kwa sauti ili wote wasikie, "umelipia eka moja. Nitapima eka moja."

"Ninaomba nyongeza tu."

"Bei ni moja."

Nilitoa mnyororo wangu wa kupimia, ule niliokuja nao kutoka chuoni. Nilipima pande zote, nikachomeka vijiti kila pembe, nikalima. Mistari yangu ilinyooka, sijaona mtu wa kulima hivyo tena. Nilipofika kwenye kijiti cha mwisho, nikainua plau. Kile kipande kilibaki pale, kijani, kando ya udongo mweusi uliogeuzwa, kama ukosi wa shati uliosahauliwa kukunjwa.

Kukhu alitazama. Akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kutafuta tusi zuri, nikaanza kutafuta jibu. Alirudi na kiti. Si kigoda cha jikoni. Kilikuwa kile kiti cha wageni, ambacho hutolewa akija padri. Akakiweka kivulini, akakipangusa kwa kanga.

"Karibu ukae, Bwana," alisema. "Umefanya kazi nzuri. Nitakuletea chai."

Nilikaa. Chai ilikuja kwenye kikombe chenye kisahani, na sukari nyingi. Nilidhani nimeheshimiwa. Nilimwambia hata mke wangu jioni ile: "Umeona? Ukisimama imara, hata wazee wanakuheshimu."

Mke wangu ni Mpadhola wa Kisoko, upande wa Tororo. Alikuwa mjamzito wakati ule, na mjamzito hana subira na ujinga. Aliniuliza Kukhu alisema nini hasa. Nikamweleza: kiti, chai, Bwana.

"Alikuita Bwana?"

"Ndiyo."

"Hakukutukana?"

"Hata neno moja."

Aliendelea kupepeta mtama. Kisha akasema, "Kwetu nikienda sokoni, bei nalipa. Lakini muuzaji akishajaza kikombe, anaongeza na gao juu, kiganja kimoja kisicholipiwa. Asipoongeza, sirudi, hata awe anauza dhahabu. Huyo bibi hakukuomba upunguze. Alilipa yote. Alikuomba gao moja juu ya kikombe, kama mtu wako. Wewe ukapima kama muuzaji aliyepita njia."

Nilimwambia biashara haiendeshwi kwa gao. Nilimweleza kuhusu ami na duka lake. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ami yako alipunguza. Kuongeza ni kitu kingine," akaingiza mtama ndani.

Siku chache baadaye nilipita barabarani nikamwona Kukhu kwa mbali. Alikuwa ameinama kwenye kile kipande, na jembe. Mgongo wake haukuwa tena wa kuinama vile. Trekta yangu ilinguruma pale pale barabarani, na yeye alinyanyuka, akanipungia mkono kwa adabu, kama tunavyompungia mtu wa serikali. Ningeweza kukata kona. Nilikuwa na mteja ananisubiri mbele. Nikaongeza mwendo.

Mvua zilipokolea, kumbikumbi waliruka. Kile kichuguu cha Kukhu kilijulikana, na kila msimu aliwakaanga, akauza kwa kikombe kwenye njia panda ya Masafu. Wajukuu hawakununua. Tulipita tu, tukachota kutoka kwenye ungo, tukakimbia huku akitutukana. Nilipita siku hiyo nikaona nafasi ya kumaliza mambo. Nilinyoosha mkono nikachota.

Hakunitukana. Wanunuzi wawili waliokuwa pale wakanitazama. Nikabaki na kumbikumbi kiganjani, sijui nile au nirudishe.

"Kikombe kimoja, Bwana?" akauliza taratibu.

"Kukhu, ni mimi."

"Nakuona."

Nikatoa pesa, sikuona njia nyingine. Alichukua kikombe, akakijaza, kisha akapitisha kiganja juu yake, pole pole, mpaka wakawa sawasawa na ukingo. Sijawahi kuona kikombe cha kumbikumbi kilichosawazishwa. Kumbikumbi huinuka juu kama kilima; ndivyo wanavyouzwa na kila mtu, hata na mchoyo. Wale wanunuzi waliona. Mmoja wao, mama wa makamo, alipumua kama mtu aliyeona ajali. Kukhu alinimiminia kwenye jani la ndizi, akanifungia vizuri, akanishukuru kwa kununua.

Sikuwala. Niliwaweka mezani, chini ya diploma, mpaka wakaanza kunuka, na mke wangu akawatupa bila kuniuliza kitu.

Msimu uliofuata nilimfuata Kukhu kabla hajaniita. Nilisimama uani kwake, nikapiga hodi. Mimi, kupiga hodi pale! Nikamwambia nitamlimia bure, eka yote, na kile kipande, na popote atakapotaka.

"Bure?" alisema. "Bure ni ya mgonjwa, Bwana. Mimi sijaugua. Nimeshaongea na jirani mwenye maksai. Bei yake iko juu kidogo kuliko yako, lakini ananiongezea kipande cha kunde."

"Kukhu, mimi nilikosea."

"Hukukosea. Ulipima vizuri sana. Kila mtu alisema." Akageuka kuelekea ndani. "Ngoja nikuletee kiti."

Nimeshalaumiwa na walimu wazungu, nimeshafokewa na wapishi wa hoteli kwa lugha nisiyoijua yote, na hakuna aliyeniumiza kama kiti kile. Niliona kwamba angeweza kunihudumia hivyo mpaka mwisho wa maisha yake, kwa upole na usafi, na nisingekuwa na la kulalamikia. Neno "mume wangu" nilikuwa nimeliuza kwa eka moja kamili, na sikuwa na risiti ya kulirudisha.

Mtoto wetu alipozaliwa alikuwa wa kiume. Alipofikia umri wa kutolewa nje, tulimpeleka Masafu. Mke wangu alimbeba, mimi nilitembea nyuma, na trekta niliiacha nyumbani. Kukhu alikuwa uani na wanawake wa jirani. Kwa kuwa mke wangu hajui Kisamia, waliongea Kiswahili cha mpakani, kile kisichojali sana nani ni umoja na nani ni wingi.

"Wewe nakuja!" Kukhu alipaza sauti, akampokea mtoto, akamfunua uso. Akamtazama muda mrefu. Kisha akamwinua juu mbele ya wanawake wote.

"Nyinyi ona! Hii ndiyo mume yangu sasa. Ile ya zamani tuliachana. Ilinipimia shamba na cheni."

Wanawake walilipuka. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka mwisho, na kicheko changu hakikutoka vizuri, kwa sababu sikujua kama nilikuwa nimetaniwa au nimeelezwa tu habari. Nilimtazama Kukhu usoni nipate jibu. Alikuwa akimtukana mtoto tayari, akimwuliza meno yake ameyaacha wapi na nyumba atamjengea lini.

Tulipoondoka alimfungia mke wangu kapu la majani ya kunde. Lilikuwa limejaa. Akaenda tena kwenye kile kipande kando ya kichuguu, akachuma, akaongeza juu. Akaona haitoshi, akaongeza tena, mpaka majani yakawa yanaanguka. "Hii ya mume yangu," alisema. "Wewe kula, yeye nyonya."

Mke wangu alikuwa na mtoto mikononi. Kapu lilibaki chini. Kukhu akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mnyororo aliniangalia machoni.

"Bwana," alisema kwa Kisamia, "mbebee mume wangu mzigo wake."

Nililiinua kapu, nikaliweka kichwani, nikiwa nimevaa tai. Nilitembea nalo hivyo mpaka barabarani, kila jani lililoanguka nikichutama kuliokota.