Kumfunza Mbwa Kusikia

Nguo zetu zote wakati huo zilikuwa na matundu chini. Leso, sketi, hata ile suruali ya mume wangu ya kwendea kanisani, zote zilionja meno ya watoto wawili wa mbwa tuliobaki nao hapa Nkubu baada ya wenzao kuchukuliwa na majirani. Wa kahawia alikuwa na adabu kidogo. Mweusi, jamani! Meno kama sindano, na alikuwa hasikii. Ukimwambia acha, anadhani umemwambia kaza. Akiona kisigino kinapita, roho yake haitulii mpaka akidake.

Mimi nilikuwa nacheka tu. Lakini siku moja mume wangu akarudi kutoka kwao Kiritiri na habari kwamba mama yake anakuja kukaa nasi. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemharibia miguu. Mmoja ulishakatwa kidole, na ule mwingine ulikuwa umekufa ganzi kabisa. Daktari alionya kwamba hata mkwaruzo mdogo unaweza kumrudisha hospitalini, na safari hii hakitakatwa kidole tu.

"Hao mbwa wataenda," mume wangu akasema.

Binti yetu wa darasa la tatu akaanza kulia palepale na sahani ya githeri mkononi. Mimi nikapandwa na hasira. "Hawaendi popote! Mama akifika watakuwa wamejua adabu."

"Akifika na huyu mweusi bado anauma, siku hiyohiyo nampelekea rafiki yangu kule Karurumo."

Basi nikaanza kutafuta ushauri. Jirani yetu wa upande wa juu, mzee wa migomba, alinicheka. Huku kwetu wengi humfunga mbwa mchana ili usiku awe mkali, na wako wanaomlisha hata pilipili. "Mbwa asiyeuma utamfanyia nini, mama? Utamkamua?" Aliyenipa njia ni daktari wa mifugo, siku aliyokuja kumdunga ng'ombe wetu sindano. Alisema mbwa asichapwe. Akikuuma, lia kwa sauti nyembamba kama mwenzake aliyeumizwa, halafu mpe mgongo, mchezo uishe. Watoto wa mbwa hufunzana hivyo wenyewe.

Nikaona hiyo ni kazi rahisi. Kesho yake asubuhi nikiwa naanika nguo, mweusi akanidaka kisigino. Nikalia kwa moyo wangu wote: "Uuuuui!"

Sasa, kama wewe si mtu wa huku, hujui nilichofanya. Uui ya mwanamke asubuhi haiulizwi maswali. Hiyo ni nduru: ni mwizi, ni moto, ni mtu ameanguka kisimani. Kabla sijampa mbwa mgongo kama nilivyoagizwa, mzee wa migomba alikuwa ameruka ua na panga. Nyuma yake mkewe, na mwiko unaodondosha uji. Vijana wa bodaboda wakaingia na pikipiki mpaka katikati ya nguo zangu.

"Ako wapi? Amepita wapi?"

Nikawaonyesha. Mweusi alikuwa ameketi akipiga mkia, amefurahi kupata wageni.

"Mwalimu wa mbwa," mzee akasema akijifuta jasho, "punguza sauti, utaniua na presha." Hilo jina linanifuata sokoni mpaka leo.

Tukapunguza. Tukatengeneza uui ndogo, ya puani, isiyovuka ua. Nyumba nzima ikawa inalia. Binti yangu alitushinda wote. Alikuwa akilia hivyo mpaka ng'ombe anageuka kumtazama. Mume wangu alisema yeye hawezi kulilia mbwa. Jioni moja nikamsikia nyuma ya zizi: "Uui." Nikachungulia. Alikuwa amempa mweusi mgongo, amekunja mikono, amenuna kama mzee aliyeletewa mbuzi waliokonda wa mahari. Nilicheka mpaka nikamwaga maziwa.

Na mbwa akaanza kusikia! Kwanza analegeza, baadaye anaachia, mwishowe anakulamba kama anayeomba msamaha. Wa kahawia alishika upesi. Mweusi aliendelea kudaka visigino, lakini sasa kwa mdomo laini, kama amebeba yai, huku akikutazama usoni aone utasema nini.

Hapo ndipo akili ikanijia. Huyu mbwa anaachia akisikia uui. Na mguu wa mama hausikii. Ataliaje mtu asiyejua ameumwa? Sikumwambia mume wangu, maana nilijua jibu lake.

Mama akafika na mfuko wa ndengu na maneno mengi. Tulipotaka kuwafunga mbwa alikataa. "Kwani wameiba?" Nikawa namfuata kwa macho kila anapokwenda, na kila asubuhi nahakikisha amevaa viatu.

Alasiri moja alikuwa ameketi juani uani akichambua ndengu, akimsimulia binti yangu vile mbuzi wa Kiritiri walivyowahi kula kofia ya mhubiri. Nikatoka jikoni na chai. Kiatu kilikuwa kimemvuka, kimelala pembeni. Kidole gumba cha mama kilikuwa ndani ya mdomo wa mweusi, na mama anaendelea na mbuzi zake, hana habari.

Niliogopa kupiga kelele, mbwa asije akashtuka akakaza. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri: "Uui."

Akaachia. Akalaza kidevu chini, kando ya mguu, akanitazama.

Nikapiga magoti, nikaugeuza ule mguu juani, nikatafuta kila mahali, hata katikati ya vidole. Hapakuwa na alama. Palikuwa na mate tu. Nikajikuta nalia na kucheka pamoja.

"Unatafuta nini huko?" mama akauliza.

"Alikuwa amekushika kidole, mama. Kwa mdomo."

Akautazama mguu wake. "Sijasikia," akasema.

Binti yangu akamweleza nyanya yake yote: uui, mgongo, adabu. "Shosho, ukimwona tu, sema uui. Hata kama husikii."

"Hivyo tu?" Mama akajaza kifua hewa, na kabla sijamzuia akaachilia nduru ya Kiritiri, ile ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Mweusi akakimbilia chini ya kiti. Ua ukatikisika. Mzee wa migomba huyo, na panga, sabuni ya kunyolea ndevu imejaa shavu moja.

"Na sasa ni nini?"

"Namfunza mbwa," mama akasema.

Mzee akakaa chini kwenye nyasi akihema. "Mama, siku mtatuita kwa kweli, tutajuaje?"

"Nyinyi mkuje tu," mama akasema, akimnyooshea kikombe changu cha chai. "Huu mguu hausikii. Wacha basi nyinyi msikie."