Kobe Niliyemweka Fungate

Nichekeni kwanza, mkimaliza mnisikilize, maana wengine mmeshaisikia habari hii kwa mdomo wa wifi yangu Shuwena, na Shuwena akisimulia jambo hulitia chumvi mpaka halilambiki. Aliyeaibika ni mimi, basi bora nisimulie mwenyewe. Ni kweli. Mimi Bi Rukia wa Mtambile, somo wa mabiharusi, mwenye kuwafunda na kuwatunza ndani ya fungate, mtu ambaye hakuna harusi ya maana hapa mtaani iliyopita bila kuniita, nilikutwa na wanawake wa mtaa mzima nimepiga magoti sakafuni, kanga imenivuka kichwani, namwambia kobe, "Kula mwanangu, usinitie aibu."

Huyo kobe jina lake Kidawa na si wangu. Ni wa Bi Mize wa kisiwani Fundo, shoga yangu tangu tulipokuwa chuoni tunachapwa pamoja kwa kutojua kuhitimisha juzuu. Bi Mize amebaki peke yake kule, watoto wameolewa, mume keshatangulia mbele ya haki, na kwa miaka mingi mwenziwe wa kuzungumza naye alikuwa Kidawa (anazungumza naye kweli, nimewasikia, na huwa wanagombana). Sasa Bi Mize akapata mtoto wa jicho. La kushoto likafunga kabisa, la kulia likaanza kuingia ukungu, na binti yake wa Unguja akamtafutia daktari wa kumpasua. Bi Mize akakataa, kisha akakubali kwa sharti moja, kwamba Kidawa apate pa kukaa. Basi akiwa njiani kwenda kupanda boti Mkoani akateremka kwangu na kikapu, akakiweka miguuni pangu, akanishika bega kwa kunipapasa maana hata uso wangu hakuwa anauona vizuri tena.

"Rukia, huyu si mnyama, huyu ni ntu wangu," akasema. "Akila nambie kweli. Asipokula pia nambie kweli. Nipe Mungu."

Nikampa Mungu, nikaapa kwamba sitamficha. Sikujua najifunga mwenyewe.

Kidawa nilimtua uani, akatoa kichwa nusu, akaona kuku wangu wanamjia kumdonoa, akakirudisha ndani na asikitoe tena. Nikamwekea mchicha, ukanyauka. Nikamwekea matembele, kuku wakafaidi. Papai zuri la shambani kwangu, lile ambalo hata mimi mwenyewe nilikuwa nalitolea macho, likaliwa na sisimizi. Na kila siku baada ya maghribi simu inalia, Bi Mize anauliza, "Kesha kula?" nami najibu, "Bado, shoga," na upande wa pili naisikia pumzi yake inashuka. Daktari alikuwa amempangia Jumamosi. Jioni moja akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri kwamba ikifika Ijumaa Kidawa hajatia kitu kinywani, yeye anarudi zake Fundo na kobe wake, jicho na lifunge likitaka.

Hapo ndipo nilipochachamaa. Nikajiuliza, huyu ni nani hasa? Ametolewa kwao, kaletwa nyumba asiyoijua, kwa watu asiowajua, ana haya, hali, hasemi, amejikunyata pembeni. Huyu ni biharusi. Na mabiharusi ndiyo kazi yangu. Nimepokea wasichana waliokuwa wanatetemeka mpaka bangili zinagongana, na fungate ilipokwisha wakatoka ndani wanacheka, wamenenepa mashavu. Kobe angenishinda nini?

Basi nikakitoa kitanda katika chumba cha mwanangu Hamadi (yuko Micheweni, kaenda kufunga mafriji ya wavuvi, hakuwa na haja nacho). Nikatandika mkeka, nikatundika pazia jipya mlangoni, nikafunga dirisha ndi ili asione watu, maana biharusi mwenye haya humweki mwangani. Chetezo cha udi nikakiacha nje ya mlango, harufu iingie moshi usiingie. Chakula nikakipeleka kwenye sinia na kukifunika kawa, nikakiweka karibu naye bila kumtazama usoni, kwa sababu siri ya kazi yetu ni hiyo, usimtazame mtu akila mpaka akuzoee. Kisha nakaa naye nimempa mgongo, namsemesha polepole, Kidawa mwanangu hivi, Kidawa mwanangu vile, nyumba ni yako, kuku nimewafungia. Na asubuhi ya pili nikaona kichwa. Hakula, lakini kichwa kilikuwa nje na kinanisikiliza. Nilitoka chumbani natembea kwa madaha, nataka kumwambia mtu na sina wa kumwambia.

Mtu akaja, tena ndiye nisiyemtaka. Wifi Shuwena ni dada wa marehemu mume wangu, yaani ni shangazi yake Hamadi, na tangu Hamadi apite miaka thelathini bila kuoa, Shuwena hajapata kuingia kwangu bila kuniuliza kama mtoto ana kasoro au mama ndiye anayechagua sana. Siku hiyo alinikuta koridoni nina sinia mkononi, udi unafuka, pazia jipya, na alikuwa ameshanisikia namwita Kidawa mwanangu. Akasimama, akavuta pua, akalitazama pazia, akanitazama mimi.

"Wifi," akasema taratibu, "Hamadi kaleta nke?"

Sasa nieleweni, jamani. Nilikuwa na njia mbili. Niseme kweli kwamba mimi, somo mzima, namfukizia udi kobe, nijue kwamba kabla ya alasiri stori iko sokoni na sitaitwa harusini tena. Au niseme neno moja dogo, Shuwena aende zake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka niuone mdomo wake umekosa la kusema. Nikasema, "Ndiyo."

Utamu wa neno lile ulidumu kama pumzi tatu hivi. Kwa sababu Shuwena alikaa chini pale pale koridoni, akaanza kulia kwamba mtoto wa kaka yake ameoa na shangazi hakuambiwa, na mimi nikaona huruma, nikambembeleza, nikamwambia mambo yamekuwa ya haraka, na msichana ana haya sana, hataki kuonwa mpaka azoee. Akaniuliza ni watu wa wapi, nikasema wa Fundo. Akauliza umri wake. Nikasema ni mtu mzima kidogo (Bi Mize alimrithi kwa mama yake, mjue). Shuwena akafuta machozi, akasema afadhali, wasichana wadogo wa siku hizi hawana subira, akaapa hatamwambia mtu, akaondoka.

Shuwena kutomwambia mtu maana yake ni kwamba hakwenda msikitini kushika kipaza sauti. Alfajiri ya pili jirani akaleta kilo mbili za sukari. Mwingine akaleta shuka na foronya zilizodariziwa. Mwenye duka akanikatalia fedha ya viungo, akasema hii yangu mie, ya biharusi. Kila nilipofungua kinywa niseme jamani si hivyo, mtu alinikumbatia kwa furaha ya kweli, na nikaona nikiitoa kweli hapa nitawavunja hawa pamoja na mimi mwenyewe, basi nikawa nasema asanteni, Mungu awalipe, na ndani natokwa jasho. Hamadi akanipigia simu kutoka Micheweni ananiuliza kwa upole, kama mtu anayehofia mama yake amepata homa ya kichwa, kwa nini wanaume watatu wamempa hongera na mmoja kumpa mawaidha ya ndoa. Nikamwambia mtandao mbaya sikusikii, nikakata.

Na Kidawa hajala. Nasema haya kwa sababu watu hudhani nilikuwa nahangaika na uongo wangu tu. Uongo ulinisumbua mchana, lakini kila maghribi ile simu ilipolia moyo ulinidunda kwa jambo jingine, kwa sababu niliijua sauti ya shoga yangu, na Alhamisi hakuuliza hata kama kobe amekula. Aliuliza boti ya Jumamosi inatia Mkoani saa ngapi.

Ijumaa baada ya sala nikasikia dufu. Nikachungulia mlangoni, nikamwona Shuwena mbele, kavaa kanga mpya, kashika kikuba, kishada cha asumini na majani ya rehani cha kumbandika biharusi kifuani, nyuma yake wanawake wa mtaa wamejaa njia, masinia vichwani, na pilau nainusa kutoka nilipo. Walikuwa wamekuja kumwona mke wa mtoto wao. Hata sikufikiri. Niligeuka, nikakimbilia chumbani, nikapiga magoti mbele ya Kidawa na kumwambia maneno yale niliyokwisha kuwatajia. Nilifikiri nini sijui, labda kwamba akila hata jani moja nitakuwa na kitu cha kujitetea.

Pazia likavutwa. Shuwena akaingia, akasema chumba hiki mbona kiza, biharusi ataharibika macho, na kabla sijamshika mkono akalisukuma dirisha wazi.

Jua la mchana likamwagika sakafuni. Wanawake walikuwa wamebanana mlangoni, dufu likafa, na wote wakaona mkeka, sinia, kawa, mimi nimepiga magoti, na kobe. Nilitaka sakafu inifunike. Nikasema kwa sauti ndogo, "Huyu ndiye Kidawa."

Kikuba kikamponyoka Shuwena mkononi, kikaangukia pale pale penye jua.

Basi Kidawa akatoa kichwa. Akatoa shingo, ndefu kuliko nilivyodhani anayo. Akatoa mguu, na mwingine, akainuka, akaanza kutembea mbele ya wale wanawake wote bila haya hata chembe, akaingia kwenye jua, akatulia kidogo akilionja kwa mgongo. Kisha akakiinamia kikuba cha wifi yangu na kuling'ata jani la rehani. Akatafuna. Akang'ata jingine. Akafuata asumini.

"Amekula," nikasema. Kisha nikasema tena, sasa napiga kelele, nalia, nimesimama, nimemkumbatia Shuwena naye hajui kwa nini anakumbatiwa. Ikabidi niwaeleze yote pale pale kwa pumzi moja, Bi Mize, jicho, daktari, kiapo nilichompa, mpaka lile neno nililomjibu wifi koridoni. Nilipofika hapo nikangoja kutukanwa. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma na sinia lake akauliza, "Kwa hivyo Mize atapasuliwa kesho?" Nikasema inshallah. Naye ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Kikapokewa mpaka njiani, dufu likaamka, na Kidawa, siamini mpaka leo, hakurudi ndani ya gamba lake, aliendelea kutafuna kana kwamba ngoma ile ilikuwa stahiki yake.

Simu ya Bi Mize ikalia mapema siku hiyo. Nikaipokea katikati ya kelele.

"Kesha kula," nikamwambia. "Kikuba kizima cha asumini."

Akaniuliza nilikuwa nimemweka wapi siku zote hizo, nikamweleza chumba, pazia, dirisha nililofunga, kwa fahari ya fundi. "Rukia," akasema, "kobe bila jua hali. Weye hukuniuliza?" Ni kweli sikumuuliza. Nilikuwa najua mno. Lakini alikuwa anacheka na kulia pamoja, akasema basi yeye habanduki Unguja, mwambieni daktari anoe kisu.

Pilau ililiwa yote. Hamadi alifika jioni, akakuta sahani zinaoshwa, akaoneshwa mkewe, akasema ni mzuri lakini anatembea polepole kwa mtu mwenye haraka kama yeye. Shuwena alininunia mpaka Jumapili, kisha akaja mwenyewe na rehani ya shambani kwake, akasema si yangu mimi, ni ya Kidawa. Siku hizi nikipita naitwa somo wa makobe, nami naitika, tena naitika kwa nguvu, kwa sababu nimemtoa fungate mtu aliyeshindikana.

Bi Mize alirudi na bandeji ameshafunguliwa. Aliteremka garini pale barabarani bila kushikwa mkono, akavuka, akaja mpaka mlangoni kwangu, akasimama ananikodolea jicho moja safi. Nilidhani atauliza kobe yuko wapi.

"Rukia," akasema, "kumbe umezeeka hivi?"

Nililia nikamlowesha buibui. Kidawa alikuwa uani kwenye jua, na alipoisikia sauti ile akageuka kwa kasi ambayo mimi hajanionesha hata siku moja, na wakaanza kugombana pale pale. Mimi nimeapa, mtu akiniuliza tena nina nani ndani, sitajibu ndiyo wala hapana. Nitalifungua dirisha, aje aangalie mwenyewe.