Makala Niliyoikalia

Usiku ule nililala kwenye kochi kwa sababu ya hasira. Mimi si mtu wa ndoto. Mwenye ndoto kwetu ni dada yangu, ambaye akiota anapigia simu ukoo mzima kusimulia, na mimi huwa namkatisha. Safari hii nasimulia mimi, na mtu asinikatishe.

Hasira yenyewe ilitokana na makala. Mhariri wa jarida moja la sayansi ya vyakula alinitumia makala niipitie, kama ilivyo kawaida: jina la mwandishi limefichwa, naye hatajua mpitiaji ni nani. Kazi yangu ni kusoma na kusema kama utafiti umesimama au haujasimama. Nikafungua bila wasiwasi. Ukurasa wa kwanza tu, nikarudi kusoma kichwa chake upya. Ilihusu kuanika dagaa wakati wa masika kwenye chanja zilizoezekwa nailoni kwa mteremko, ili mvua ikinyesha wasioze. Sasa hiyo ni kazi yangu. Nimeihangaikia mwaloni, pale ufukweni wanapoanikia dagaa, misimu kadhaa, nikirudi nyumbani nanuka dagaa mpaka mume wangu akawa ananitania kwamba paka wa jirani wamehamia kwetu kwa ajili yangu. Vipimo ninavyo, ila kuandika nilikuwa sijamaliza. Na hiyo ndiyo makala niliyokuwa naitegemea nipandishwe cheo. Bila hiyo, ombi langu lingerudishwa tena. Huyu naye kaimaliza, tena kaiandika vizuri kuliko ambavyo ningeandika mimi. Niliumia, sitaki kudanganya.

Jioni alipita Nuhu, tunafanya naye kazi idara moja chuoni. Nikamweleza, jambo ambalo lenyewe tu halikuruhusiwa, maana makala ya kupitia si ya kupigia soga. Akacheka.

"Si uikalie tu," akasema. "Mwambie mhariri jaribio lirudiwe msimu mwingine wa mvua. Hapo mwenzako ana mwaka mzima wa kuhangaika, wewe unatoa yako. Nani atajua?"

Nikamwambia ana wazimu. Alipoondoka nikafungua kompyuta, nikaandika sentensi ile ile kwenye maoni yangu, neno kwa neno: Jaribio lirudiwe msimu mwingine wa mvua. Sikuituma. Makala nilikuwa nimeichapa kwenye karatasi, na niliposikia mume wangu anafungua mlango nikaisukumia chini ya mto wa kochi, nikakaa juu yake kama mtoto aliyeiba sukari. Alikula, akaniuliza kama ninakuja kulala, nikamjibu vibaya, akaenda zake. Nikabaki pale nimemnunia Nuhu, nimemnunia mwandishi nisiyemjua, na mimi mwenyewe nimejinunia. Usingizi ukanichukua nikiwa nimekaa.

Nikajikuta ofisini kwa Mama Ndimbo.

Huyu ndiye aliyenifundisha tangu shahada ya kwanza hadi ya mwisho. Kila mwanafunzi alimwita Mama, na kila mwanafunzi aliiogopa kalamu yake ya kijani. Tulishamzika. Nilitia udongo kaburini kwa mkono wangu huu. Katika ndoto nilijua kabisa kwamba amekufa, na sikushangaa kumwona amevaa koti lake la maabara, ameegemea meza, ananitazama.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

Hakuitikia.

Mama Ndimbo alikuwa mtu wa kuitikia shikamoo hata ikitoka mwisho wa korido, hata akiwa na chakula mdomoni. Nikarudia kwa sauti zaidi. Kisha akauliza, taratibu, kama anauliza saa:

"Umekalia nini, Asteria?"

"Kiti, Mama."

Ananitazama tu. Na ninapotazama pembeni, kuta za ofisi hazipo. Tuko mwaloni, kiti kingali chini yangu, miguu yangu imezama kwenye mchanga. Dagaa wameanikwa pote, weupe, mpaka macho yanapoishia. Wingu limekaa juu yetu, jeusi, zito, na hakuna upepo wa kulisogeza. Harufu ya mvua imeshafika.

Kuna mwanamke. Amejitanda kanga kichwani, ameinama, anaanua dagaa peke yake, anawatia kwenye beseni haraka haraka, lakini dagaa ni wengi na beseni ni moja. Anasimama, anazunguka, anatafuta kitu. "Nailoni yangu iko wapi?" anauliza. Hamuulizi mtu. "Jamani, nailoni yangu nimeiweka wapi?"

Nami ninajua iko wapi. Ninaisikia ikichakarika kila ninapopumua. Imekunjwa vizuri, iko chini yangu, nimeikalia. Ninakaa kimya. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba hata ndotoni, ambako hakukuwa na cheo wala mshahara, nilikaa kimya.

Ninataka kumwona sura. Ninajiambia, nikimjua ni nani, labda nitampa. Ninanyoosha shingo huku na huku, na kila anapogeuka kanga inageuka naye.

"Mama, ni nani huyu? Namfahamu?"

"Sura yake haikuhusu," akasema Mama Ndimbo. "Dagaa wake unawaona."

Sasa ana karatasi mkononi. Ni maoni yangu, na kalamu ya kijani ameshaitoa mfukoni. Anasoma kwa sauti ile aliyokuwa akisomea makosa yetu mbele ya darasa, bila ukali, bila haraka: "Jaribio lirudiwe msimu mwingine wa mvua." Anainua macho.

"Mvua ipi?"

Tone la kwanza linanidondokea mkononi.

Nikataka kuinuka, sikuweza. Miguu haikuwa yangu. Nikasukuma kiti, nikajipinda, nikashika mchanga, wapi. Mwanamke anakimbia na beseni lake, dagaa wanamwagika, anarudi kuwaokota, mvua inaongezeka, na ile rangi nyeupe ya dagaa inaanza kuwa ya kijivu. Nikalia. Nikamwambia Mama Ndimbo lile lililokuwa moyoni tangu asubuhi.

"Na mimi je, Mama? Hata mimi nilianika."

Uso wake ukalegea. Kwa mara ya kwanza alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mwanafunzi wake.

"Najua," akasema. "Nilikuona. Inuka."

Halafu akaiweka kalamu mfukoni, akakunja mikono ya koti, akainama kwenye mvua, marehemu yule, akaanza kuokota dagaa pamoja na mwanamke wa kanga, kwa viganja. Wanaokota, hawazungumzi, wananipa mgongo. Ninapiga kelele na sauti haitoki. Mvua inanyesha mpaka wanaanza kufifia, na ninaona Mama anaondoka, ndipo sauti inatoka, na neno linalotoka ni moja tu: shikamoo.

Hakugeuka. "Nitaitikia ukishainuka," akasema, kwa mbali.

Nikashtuka. Mguu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, mdomo umekauka. Kulikuwa kunapambazuka, na nje hapakuwa na mvua. Chini ya mto makala ilikuwa na joto, imejikunja kwa uzito wangu. Nikainuka kwa kushika ukuta, nikichechemea, nikaenda mezani.

Ile sentensi niliifuta. Nikamwandikia mhariri kwamba siwezi kuipitia makala hii kwa sababu ninafanya kazi ile ile na nina maslahi nayo, na nilipaswa kusema siku niliyoifungua. Nikaandika pia kwamba nimeizungumza na mtu, nimekosa, na kama hataki kunipa tena makala ya kupitia nitaelewa. Nikamwomba amtafute mpitiaji mwingine upesi, maana masika yako karibu na watu wanaoanika wanaihitaji. Nikabonyeza kutuma. Nilijua ninatuma na cheo changu humo humo. Nilipomaliza nikafuta nakala kwenye kompyuta, na ya karatasi nikaichana vipande vidogo.

Mume wangu aliamka akanikuta nachemsha chai. Nikamwomba radhi kwa jibu la jana. Akaniuliza nimelalaje, nikamwambia nitamweleza, sasa hivi siwezi.

Kabla chai haijapoa simu ikalia. Alikuwa mhariri, profesa mzee, mtu wa maneno machache. Nikajua amesoma. Nikajikaza.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia.

Machozi yakaja, nikaiondoa simu sikioni nikayafuta, mpaka akadhani imekatika.

"Asteria? Upo?"

"Nipo, Profesa," nikasema. "Nimesimama."